Kifuko Kilichorudi na Majani

Dada Judith,

Barua hii nimeshaianza mara nyingi na kuichana, leo naimaliza hata kama kazi za watu zimelala juu ya cherehani, maana nisipoimaliza leo Pasaka itanikuta hivi hivi na kabla ya Pasaka natakiwa nitoe jibu ambalo moyo wangu haunipi, kwa hiyo dada yangu nisikilize hadi mwisho, halafu unigombeze ukitaka.

Mimi ni binti wa Machame lakini nipo Karatu miaka mingi sasa, nilikuja kumsaidia kaka yangu Eliud dukani na duka likanishinda, nikabaki na cherehani, na umri wangu sikutajii, ila mama mdogo anautaja kila akipiga simu. Kazi yangu ni kushona vifuko vya kupangia vitu ndani ya begi la safari, vile vya pembe nne vyenye zipu inayozunguka na neti juu ili mtu aone kilichomo bila kufungua. Kitambaa sinunui. Kambi za wageni mahema yakichakaa huyatupa, mimi nayachukua, nachana mishono kwa wembe, nafua turubai, pale lilipopigwa na jua hadi likalegea napakata natupa, panapobaki napashona kwa uzi wa nailoni. Zipu ya mlango wa hema ndiyo zipu yangu, neti ya dirisha ndiyo neti yangu, na vishikio nakata kwenye tyubu la tairi la lori. Madereva wamevirusha vifuko vyangu juu ya keria, vimenyeshewa, vimekaliwa, vimekanyagwa, na vinarudi vizima. Nilianza siku nilipomwona mama mmoja wa Kizungu amepiga magoti uani kwa jirani yangu mwenye kambi, begi lote kalimwaga chini kwenye vumbi, anatafuta soksi ya pili. Nilimwonea huruma nikawaza, nyumba ina vyumba, kwa nini begi lisiwe na vyumba, nikaingia ndani nikamshonea kimoja hapo hapo akiwa bado anatafuta.

Nikishona huwa naondoka, dada, sijui kama wewe unaijua hali hii. Mguu unakanyaga pedali lakini mimi sipo. Turubai la hema likishapata joto linatoa harufu yake, moshi wa kuni za mlimani, mvua ya zamani, majani yaliyolaliwa, na mimi nawaona wote waliowahi kulala ndani yake, wanageukageuka, wanasikiliza fisi kwa mbali, wanaamka wanafungua ile zipu ambayo sasa ipo mkononi mwangu. Kisha nakiona kifuko kinafunguliwa mahali nisipopajua, chumba chenye dirisha pana na theluji nje, mtu anatoa shati lake, na vumbi letu jekundu linamwagika kidogo juu ya zulia jeupe, naye anaduwaa analitazama. Mimi mwenyewe hata Dodoma sijafika.

Aliyekuwa akiniletea mahema ni kijana ambaye nitamwita Lembris, si jina lake. Ni Mmaasai wa Olbalbal, kule tambarare kavu chini ya milima ya kreta. Miezi ya wageni analinda kambi moja juu ukingoni, miezi mingine yuko na ng'ombe wa baba yake. Mara ya kwanza alishusha hema mlangoni kwangu, akakaa kwenye kopo la rangi akinitazama ninavyolichana, baadaye sana akasema, "Hema hili limekufa, lakini ngozi yake bado nzima." Kwao ng'ombe akifa ngozi haitupwi. Watu wengine Karatu walikuwa wakinicheka kwamba nashona takataka, yeye hakucheka, na mimi nikaanza kuzihesabu siku za gari lao kushuka kutoka mlimani, ingawa nilikuwa najiambia nasubiri mahema.

Jumapili moja baada ya ibada alinichukua kwenda kuiona kreta, maana nilimwambia nakaa mlangoni pa kreta na sijawahi kuiona. Tulipofika ukungu umejaa pomoni. Tumesimama mbele ya weupe mtupu, hakuna chini wala ng'ambo, nikamwuliza, "Lembris, kuna nini humo?" akasema, "Subiri." Tukasubiri hadi vidole vikafa ganzi. Ndipo ukungu ukajifunua kidogo tu, nikaona chini kabisa kipande cha ziwa kinang'aa, na vitu vidogo vyeusi vinatembea pole pole pembeni yake, halafu pakafunga tena. Akaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. Sikujua kama nimeona kweli au nimeota, na mpaka leo sijui, ila tangu siku ile nampenda.

Nilimshonea kifuko kidogo cha turubai la kijani, la hema alilolilinda yeye mwenyewe misimu mingi, awekee vitu vyake akitembea na ng'ombe, wembe, sukari kidogo, tumbaku ya baba yake. Sikuwahi kumshonea mwanaume kitu. Alikipokea kwa mikono miwili, akafungua zipu, akafunga, akafungua tena, akasema, "Hiki kitanizika." Nikamwambia asiseme hivyo, akacheka.

Tukakubaliana aje nyumbani kujitambulisha kwa kaka. Ilikuwa Oktoba mwaka jana. Mama mdogo alipanda basi kutoka Machame na pombe ya mbege kwenye madumu, akapika mtori, Eliud akafunga duka, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa, tukakaa sebuleni na nguo za kanisani. Mtori ukapoa, ukapashwa, ukapoa tena. Hakuja. Eliud hakunigombeza, alivua tu koti akaenda kufungua duka, na heri angenigombeza. Baadaye nikasikia kwa Josephati, dereva wa Mwanza ambaye hupita kwetu akienda mbugani, kwamba Olbalbal maji yameisha na watu wamehama na ng'ombe, hawajulikani walipo. Nilisikia. Najua pia kule mtandao wa simu haufiki. Lakini dada, magari yanapita kule kila siku kwenda Serengeti, mtu anayekupenda anakosa hata salamu?

Karibu na Krismasi Josephati akasimamisha gari mlangoni, akanipa kifuko changu cha kijani. Akasema, "Lembris kaniambia nikupe wewe mkononi, kisifunguliwe na mtu mwingine." Nikavuta zipu. Hamna barua, hamna kitu, ila konzi ya majani mabichi ya kulisha ng'ombe, na mizizi yake, na udongo wake. Karudisha zawadi yangu, na hata kuikung'uta hakuikung'uta. Nilikigeuza kifuko nikayamwaga yale majani pembeni ya bomba la uani, nikakifua kwa sabuni ya unga, nikakianika kwenye kamba mbele ya Josephati. Akaniuliza, "Sasa nikamwambie nini?" Nikamwambia, "Mwambie nimekipokea, na nimekifua."

Tangu siku hiyo kimya. Mahema sasa ananiletea mtu mwingine.

Huyu anayetaka jibu nitamwita Obed. Ana duka la spea za magari, ni mtu wa kwetu, Mlutheri, anaimba besi kwaya, na kosa lake nimelitafuta sijaliona. Kaka anampenda. Anataka tuhamie Arusha na anasema vifuko niviache, nipumzike, mke wake hana haja ya kuchana mahema ya watu. Anasema kwa upole na mimi huwa naitikia kwa kichwa, halafu nikirudi kwenye cherehani nakuta nimeshona upande mmoja mara mbili. Pasaka wanataka kwenda Machame kupeleka posa.

Na kuna jambo la kipuuzi, nilitaka nisiliandike. Yale majani yameshika. Bomba linavuja, na pale nilipoyamwaga pamekuwa kijani tangu Januari wakati ua mzima ulikuwa vumbi. Kila asubuhi nachukua jembe nikayang'oe, nasimama hapo, narudi ndani na jembe langu. Na ninaota ndoto moja. Niko kwenye ule ukungu nimebeba kifuko, nafungua zipu, ndani kuna kifuko kingine, nafungua, ndani kingine, na mtu nyuma yangu anasema, "Subiri." Naamka nimechoka kama niliyelima.

Niambie dada, nimkubali Obed? Na nifanye nini niache kumwota mtu aliyenirudishia zawadi yangu ikiwa na uchafu ndani? Jina langu naomba ulifiche.

Mshona Vifuko,
Karatu, Machi 2006

DADA JUDITH ANAJIBU

Mdogo wangu, weka mkasi chini na uvute kiti, kwa sababu hili utalisikia vizuri ukiwa umekaa.

Pole kwanza. Kuvaa nguo za kanisani, kukaa sebuleni na kutazama mtori ukipoa mbele ya ndugu zako si jambo dogo, na sitakuambia usahau. Aliyekuahidi na asitokee amekukosea, awe na ng'ombe asiwe na ng'ombe. Hapo niko upande wako.

Nimemaliza kukupa pole, sasa nakugombeza. Mimi nimesoma shule ya msingi Malambo, baba yangu alikuwa mwalimu huko, nimekua na watoto wa Kimaasai na nimeamuliwa ugomvi nao mara nyingi tu. Kwao, mtu aliyekosea akitaka amani anang'oa majani mabichi, anakwenda nayo kwa yule aliyemkosea. Majani ni uhai wa ng'ombe, na ng'ombe ni uhai wa watu, kwa hiyo akikushikia majani amekushikia kila alicho nacho. Anayeonyeshwa majani hasira yake inatakiwa iishie pale pale. Akiendelea kukasirika, kosa linahama, linakuwa lake yeye.

Umeelewa sasa kifuko kile kilikuja na nini? Hakurudisha zawadi yako. Alikuomba msamaha, na ombi lake akalitia ndani ya kitu pekee ambacho ungekijua ukiwa mbali kwamba kimetoka kwake.

Ajabu yenyewe ni kwamba wewe ni mtu wa Machame. Umekulia nyuma ya ua wa masale. Obed akikukosea kesho akaja na jani la isale mkononi, utamsamehe kabla hajavua viatu, kwa sababu mama yako alisamehe hivyo na bibi yako alisamehe hivyo. Jani la kwenu unalijua hata gizani. La mwenzako ukaliita uchafu, ukalimwaga, ukafua na kifuko kwa sabuni ya unga.

Na bado sijafika panaponiuma mimi. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: majani mabichi, na mizizi yake, na udongo wake. Mdogo wangu, Krismasi iliyopita Olbalbal yote ilikuwa mfupa. Watu walikuwa wakinyanyua ng'ombe kwa mkia asubuhi ili wasimame. Majani mabichi aliyatoa wapi? Hakuna pengine ila juu, kwenye msitu wa ukingoni, penye ule ukungu wenu. Alipanda mlima wote ule, ng'ombe wa baba yake wakiwa wanakufa, akapata konzi ya majani na hakumpa ng'ombe. Alikupa wewe.

Naye akajibiwa nini? "Nimekipokea, na nimekifua." Kwa Mmaasai aliyetuma majani hiyo ni kwamba umeyaona, umeyakataa, na umenawa. Halafu unaniuliza kwa nini yuko kimya. Ulitaka asubiri nini tena?

Huyo uliyemwita Lembris naye simwachii. Kama gazeti hili litamfikia huko malishoni, hata likiwa limefungiwa sukari, alisome hapa: baba, mdomo ulipewa wa nini? Unatuma majani kwa Mchaga kupitia dereva wa Mwanza, na maneno huyatii? "Subiri" inafaa mbele ya kreta. Kwa mwanamke aliyekaa sebuleni na nguo za kanisani haifai. Ungesema, "Mwambie naomba radhi, ng'ombe wanakufa," Josephati angeyafikisha, na sisi wengine tungekuwa tunasoma habari nyingine leo.

Haya, la Obed. Umeniomba nifiche jina lako na nimelificha, lakini Karatu mshona vifuko vya mahema ni wewe peke yako, kwa hiyo hili gazeti likishuka kutoka kwenye basi la asubuhi Obed atasoma na atajijua, na kwaya nzima itajijua. Nenda kwake kabla hajanunua nakala yake. Usimwambie unafikiria, wala usimweke kama nguo kwenye kamba, ikikauka unaitwaa, mvua ikija unaikimbilia. Mwambie posa isiende Machame. Ni mtu mwema kama unavyosema, na mtu mwema anastahili mke ambaye hashoni upande mmoja mara mbili kwa kumfikiria mwingine. Na hili la kuacha kazi ulitakiwa ulijibu siku ile ile aliyolisema. Kutikisa kichwa si jibu, naye ameelewa kwamba umekubali.

Kisha mwite kaka yako Eliud, umsomee barua hii. Aliaibika nyumbani kwake, ana haki ya kujua kwamba yule kijana hakuudharau mtori wake. Mwombe afunge duka mara ya pili. Mvua zimeanza, waliohama wameanza kurudi, na Josephati anajua njia. Nendeni mchana, wewe na kaka yako, kama watu wenye heshima zao. Usitume mtu. Mambo yenu yameharibika kwa kutumana.

Sikuahidi chochote, unielewe. Huenda amekata tamaa. Huenda baba yake ameshamchagulia binti wa boma la jirani, na hilo umwulize waziwazi, mbele ya kaka yako, kwa sababu majani hayajibu swali hilo. Umwulize pia mtakaa wapi, cherehani itawekwa upande gani, na ng'ombe wakihama tena wewe utapata habari kwa njia gani. Akikujibu vizuri, mshukuru Mungu. Akikujibu vibaya, utarudi Karatu ukiwa umeamka, na ndoto ile ya zipu na zipu itakwisha, kwa sababu utakuwa umefika kifuko cha mwisho na kuona kilichomo. Mahema yataendelea kuchakaa na wageni wataendelea kupoteza soksi. Kazi yako haimtegemei mwanaume yeyote.

Tukumbuke na lile ulilotaka usiliandike. Umesimama pale bombani na jembe asubuhi zote hizo na mkono umekataa. Mkono wako ulikuwa na akili kukushinda. Lile jembe lirudishe stoo. Siku ya safari, inama hapo kando ya bomba, ung'oe konzi moja ya majani hayo, na mizizi yake, na udongo wake. Ni yale yale aliyoyatoa mlimani, sasa yameota kwako.

Kile kifuko cha kijani kijaze sukari na tumbaku ya mzee, maana chombo hakirudi kitupu. Majani usiyafungie humo. Yashike mkononi, na mkiliona boma lao mwambie Josephati asimamishe gari mapema, ushuke, utembee kwa miguu, ayaone kutoka mbali.